Kitabu cha Tippu Tip na Maneno ya Damu ya Biashara

Iko methali tuliyoisikia sote tangu utoto: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hapa Uyole, penye njia panda iendayo Tukuyu, ambapo malori hupakia viazi kwenda Dar es Salaam, methali hii hutumiwa sana, wala haitumiwi juu ya wahunzi. Kijana akifungua duka nalo likasimama, watu huuliza, "Ni mtoto wa nani?" Wakiambiwa kwamba babu yake alikuwa mwene au mtwa, hujibu, "Ndiyo maana," wakayaona mambo kuwa yamekwisha elezwa. Na kijana mwingine akianguka katika biashara, husema kwamba ukoo wao haukuwa na watu wa mali tangu zamani. Hivyo mmoja hupewa sifa asiyoifanyia kazi, na mwenziwe hupewa lawama asiyoistahili.

Nataka kulipima neno hili la damu. Sitalipima kwa ubishi wa barazani, bali kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekuwa mfanyabiashara na mtawala pamoja, ambaye katika ujana wake alipita katika nchi zetu hizi za kusini. Kitabu hicho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimstaajabia mwandishi. Mara ya pili nilimkasirikia. Mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba kina jibu la swali letu, ingawa yeye mwenyewe hakukusudia kulijibu.

Kwanza niseme kitabu chenyewe ni kitu gani. Tippu Tip alikiandika Unguja katika miaka yake ya mwisho, kwa herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili, kwa kuombwa na Mdachi mmoja, Heinrich Brode. Kilichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kidachi. Mwandishi alikufa Unguja mwaka 1905. Baadaye, mwaka 1958 na 1959, W. H. Whiteley alikitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Basi ni miongoni mwa vitabu vya kwanza ambamo mtu wa Afrika Mashariki asimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo pekee kinastahili kuwekwa katika kabati za shule zetu.

Uzuri wake ni unyofu wa lugha. Mwandishi hapambi. Hatuelezi utoto wake wala hatusimulii ndoto zake. Aanza alipokuwa mwenye miaka 12, akifanya biashara ya sandarusi, na tangu hapo ni njia, mizigo, bei na watu wa kukutana nao. Akisema amepata pembe, atasema ni frasila ngapi. Mwalimu wa hesabu aweza kukitumia darasani. Waandishi wengi wa siku hizi, waliojaa maneno makubwa, wangejifunza kwake jinsi ya kusema jambo moja kwa sentensi moja, kisha kwenda mbele.

Lakini tuje katika swali letu. Je, mtu huyu alifanikiwa kwa sababu ya damu?

Mwenye kupenda nasaba atasema ndiyo, na ataleta ushahidi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mwenye heshima aliyekaa Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mama yake Tippu Tip alitoka katika ukoo wa Kiarabu wenye jina. Huyo si mtoto wa kuokotwa njiani. Hata hivyo, tukikisoma kitabu kwa makini, twaona kwamba nasaba hiyo haikumjazia mkono fedha. Vitambaa, shanga na bunduki alivyochukua bara vilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya watu wengine, aliyopewa kwa ahadi ya kulipa. Mkopeshaji wake mkuu alikuwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja. Safari yake ndefu kuliko zote ilianza yapata mwaka 1870, wala hakurudi Unguja mpaka 1882. Hebu fikirini: tajiri aketi dukani miaka 12, na mali yake iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mkononi mwa mtu asiyemwona. Kwa nini alivumilia? Kwa sababu mambo mawili yalikutana. Alilijua jina, yaani alijua ni nani wa kumwuliza kama mtu yule asingerudi; na pia alikwisha kuona kwamba mtu huyu akipata hulipa.

Hapo ndipo ilipo faida ya ukoo mkubwa. Faida hiyo haiko katika damu wala si akili ya kurithi. Ni kujulikana. Mtoto wa ukoo unaojulikana hupewa nafasi ya kwanza kabla hajaonyesha kitu. Lakini nafasi ya pili hupewa kwa kazi ya mikono yake, na kama angekula mali ya Taria safari ya kwanza, Karunde na Fundikira wasingemwombea.

Kitabu chatupa ushahidi wa pili, ulio wa ajabu zaidi. Katika nchi ya Utetela, ng'ambo ya ziwa, alikuwako mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye zamani dada zake walichukuliwa mateka. Tippu Tip alipozisikia habari hizi, alidai kwamba mmoja wa wale dada ndiye bibi yake mzaa mama, aliyechukuliwa na babu yake Habib bin Bushir, na kwamba yeye basi ni mjukuu aliyepotea sasa akirudi nyumbani. Hadithi aliitunga mwenyewe, wala hatufichi jambo hilo. Asimulia kama mtu aelezaye mchezo alioushinda. Mzee aliamini, akafurahi, akamwachia enzi, na pembe za nchi zikaanza kuletwa kwake.

Wasomaji wengi hucheka wafikapo hapo, na mimi nilicheka pia. Lakini tutazame vizuri. Mtu huyu alipata utawala wa nchi na mali yake kwa nasaba ambayo haikuwako. Kama enzi na utajiri vingekuwa kitu cha damu, hila ile isingefaa kitu, maana damu ya Kasongo Rushie haikuwamo mwilini mwake hata tone. Iliyofanya kazi ni hadithi iliyosadikiwa. Hivyo mwandishi mwenyewe, bila kujua, amewavunjia hoja wale wanaolitaja jina lake kuthibitisha kwamba biashara hurithiwa.

Sasa nitaje upungufu wa kitabu, maana mchambuzi anayesifu tu ni sawa na mpima anayetia kidole katika mizani. Frasila moja ni yapata ratili 35. Frasila mbili zilitosha kuwa mzigo wa mtu mmoja. Basi kila mahali mwandishi aandikapo hesabu ya pembe, msomaji na agawe kwa mbili, naye atapata hesabu ya mabega. Mabega hayo hayana majina. Wapagazi huonekana hasa wanapotoroka. Kule Uzaramo walipomkimbia, aliwakamata watu, akawatia minyororo, akaendelea na safari yake. Nalo asimulia bila haya, kama mtu aelezaye jinsi alivyotengeneza gari lililoharibika. Watumwa nao hupita katika kurasa zake kama mizigo mingine. Mtu aliyekumbuka bei za miaka 30 nyuma hakuwa msahaulifu. Hakuwataja kwa sababu katika daftari yake hawakuhesabiwa kuwa watu waliochangia mtaji.

Jambo hili latuhusu sisi wa nyanda hizi. Nchi ambayo wasafiri wa pwani waliiita Urori ndiyo Usangu, nchi ya akina Merere. Merere naye alikuwa mtawala na mfanyabiashara: pembe na mateka vilimpatia bunduki na nguo. Wahehe walipomsukuma kutoka Usangu, watu wake walikaa Utengule katika Usafwa, upande wa Mbalizi, wakawatawala Wasafwa mpaka Wadachi walipowasaidia kurudi kwao katika miaka ya 1890. Yeyote anayesema leo kwamba fulani ana damu ya biashara kwa kuwa babu yake alikuwa mtawala, na akumbuke kwamba pembe za babu huyo zilibebwa na babu za wengine walioko sokoni humu humu. Kama mali ilitokana na watu wawili, mmoja akiamuru na mmoja akibeba, kwa nini wajukuu wa mbebaji waambiwe kwamba hawakurithi lolote la biashara? Walirithi njia. Miguu ya babu zao ndiyo iliyozikanyaga njia hizi kabla ya malori.

Atatokea mtu aniambie, "Mwalimu, wewe wapinga kwa maneno, lakini macho yetu yaona kwamba watoto wa machifu wengi wameendelea kuliko wengine." Hilo silikatai. Nakataa sababu yake. Tutazame majirani zetu wa Uganda. Mapatano ya mwaka 1900 yaliwagawia Kabaka, machifu na wakubwa wengine wa Buganda ardhi kwa hesabu ya maili za mraba, na ardhi hiyo yaitwa mailo hata leo. Mwenye hati ya mailo aweza kuuza, kupangisha, au kuweka rehani apate mkopo. Huko mjukuu wa chifu akianza biashara, hatuna haja ya kutafuta siri katika damu yake. Siri imo katika karatasi iliyofungiwa sandukuni.

Kwetu Tanganyika mambo yalikwenda njia nyingine. Ardhi ni ya umma, na mwaka 1963 sheria iliwaondolea machifu mamlaka yao ya serikali, na pamoja nayo mshahara na baraza. Heshima ikabaki, hata mwaka 2021 tuliona machifu wakimtawaza Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Hangaya. Lakini heshima haiwekwi rehani benki. Basi ni nini kilichowasaidia wajukuu wao?

Nathubutu kujibu, maana jibu liko katika kazi yangu mwenyewe. Ni shule. Waingereza walipotaka kutawala kwa mikono ya machifu, waliwafundisha wana wao kwanza. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa watawala. Hapa kwetu, Malangali katika Iringa ilifunguliwa mwaka 1928, ikikusudiwa hasa watoto wa watawala wa nyanda hizi. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia Tabora mwaka 1937. Abdallah Fundikira, wa ukoo ule ule wa Unyanyembe ambao baba yake Tippu Tip aliuoa, alisoma Makerere, akawa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru, na baadaye mwenyekiti wa shirika la ndege la Afrika Mashariki. Tazameni mwendo wa mambo: katika karne ya 19 nyumba hiyo iliketi katikati ya njia ya pembe, katika karne ya 20 mtoto wake aliketi katika shirika la ndege. Mtu asiyefikiri atasema ni damu. Mwenye kufikiri ataona mlango wa darasa katikati, mlango ambao kwa miaka mingi ulikuwa wazi kwa wachache tu.

Basi urithi wa wakubwa wa zamani katika biashara ya leo ni vitu viwili: kuaminiwa kabla ya kujaribiwa, na kufundishwa kabla ya wengine. Vyote viwili vina nguvu kweli, wala si haki kusema havina. Lakini vyote viwili hutolewa na watu. Na kitolewacho na watu chaweza kutolewa kwa mwingine.

Nitoe mfano wa hapa petu, nao wanigusa mimi mwenyewe. Katika biashara ya viazi kuna desturi iitwayo mali kauli. Mkulima au dalali humpa mtu magunia bila fedha, kwa neno la mdomo tu, alipe akiisha kuuza. Ni mkopo ule ule wa Taria Topan, isipokuwa badala ya miaka 12 ni siku chache. Msimu mmoja walikuja vijana wawili kwa dalali mmoja. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa mtwa. Alipewa magunia 40 palepale, na watu walimpa na baraka. Wa pili alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Babu yake alijulikana kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa mpagazi. Aliomba magunia matano. Dalali akaniuliza, "Mwalimu, huyu wamjua?" Nikajibu, "Nilimfundisha." Nikanyamaza.

Ningaliweza kusema mengi. Ningaliweza kusema kwamba kijana huyo aliwekewa daftari ya bustani ya shule kwa miaka miwili, na hesabu haikupungua hata senti. Sikusema, kwa kuogopa kwamba akikosea nitalaumiwa mimi. Dalali alitikisa kichwa, akasema, "Ukoo wake hatuujui," na kijana akaondoka. Yule wa magunia 40 hakurudi. Magunia hayo yalikuwa ya akina mama wa mlimani, si ya dalali, nao walipanda msimu uliofuata kwa mbegu ya kuazima. Mwanafunzi wangu yuko Tunduma, apakia malori ya wengine.

Sisimulii haya ili kuwatia aibu wajukuu wa watawala. Wako wengi walio waaminifu, na yule mmoja angaliweza kuwa mwana wa mtu yeyote. Nasema tu kwamba siku ile tulikuwa na mizani mbili mbele yetu: jina la babu na daftari ya bustani. Tulipima kwa ile isiyo na uzito, na mimi niliyekuwa na ile nyingine mkononi niliificha. Sheria yakataza gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, kwa kuwa mnunuzi hupata asicholipia. Jina la ukoo likitumiwa peke yake kumpa mtu mkopo ni lumbesa pia, na mwenye kulipia ni mama wa mlimani.

Sasa nirudi kwenye kitabu nikimalize. Je, tuwape vijana wakisome? Ndiyo, tena mapema. Wakisome kwa Kiswahili chake kizuri. Wakisome wajue kwamba mtu wa pwani alitembea Uhehe na Urori kabla ya barabara kuu na kabla ya reli ya TAZARA. Lakini mwalimu asiwaachie wakisome kama sifa za shujaa, wala asiwaachie wakitupe kwa hasira. Awaulize maswali matatu wafikapo mwisho. Mali hii ilikuwa ya nani kabla ya kuingia mikononi mwake? Ni nani aliyeibeba? Na yule aliyemwamini, alimwamini kwa sababu gani, na je, sababu hiyo ilikuwa ya kweli?

Mtoto atakayezoea maswali hayo atakuwa mfanyabiashara mwema, hata kama babu yake alikuwa mtwa, hata kama alikuwa mpagazi. Na ile methali ya mhunzi naona tumeisoma vibaya siku zote. Haisemi kwamba mwana wa mhunzi huzaliwa akijua kusana. Yasema kwamba alikaa karibu na moto, akapewa mivukuto aishike. Mtoto wa jirani naye akiitwa karibu na moto ule, atavukuta.

Haya ndiyo niliyoyaona katika kitabu hiki. Mwenye kuona zaidi, na aandike.

Mwalimu, Uyole.